Shahidi Hasi

Katika maabara za Bukavu, ambako wengi wetu tulisomea sayansi kwa Kifaransa, kile kibomba kinachotiwa kila kitu isipokuwa DNA ya sampuli huitwa shahidi hasi. Wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam husema kidhibiti, na neno lao halina kasoro, lakini mimi nimebaki na la kwetu kwa sababu linaeleza kazi yenyewe: kibomba hicho kimewekwa pale kutoa ushahidi juu yangu mimi, si juu ya mgomba ninaoupima ugonjwa. Kikinyamaza, vibomba vingine vinaweza kusikilizwa. Kikisema, kazi yote ya siku hiyo imekufa, hata kama matokeo yake yanapendeza. Nimefanya utafiti wa biolojia ya molekuli kwa miaka 14 katika jimbo la Kivu Kusini, na nikiulizwa ni kitu gani kilichoijenga kazi yangu, na ni kitu gani nusura kiivunje, sina jibu jingine ila kibomba hicho.

Nilianza mwaka 2011, nikiwa asistanti mwenye mshahara ambao ni afadhali nisiutaje. Wakati huo mnyauko wa migomba ulikuwa umekwisha kupanda vilima vyetu. Ugonjwa huo uliripotiwa kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, mmea wa jamii ya mgomba. Huku kwetu ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, kisha ukateremka kuelekea kusini hadi Kalehe na Kabare. Unaletwa na bakteria wa jenasi ya Xanthomonas. Majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata unakuta madoa ya rangi ya kutu ndani ya nyama yake. Ukilikata shina lenyewe na kusubiri kidogo, unaona matone mazito ya manjano hafifu yakichuruzika, nayo ni bakteria kwa mamilioni. Wadudu wanaozuru ua dume linaloning'inia chini ya mkungu huyabeba, na panga la mwenye shamba huyabeba vizuri zaidi kuliko wadudu. Katika Bushi, nchi ya Bashi wa vilima hivi, ambako mgomba ni chakula, ni kasiksi, pombe ya ndizi, ya posa na ya matanga, na ni karo ya watoto, sikuhitaji kuelezwa na yeyote kwa nini ugonjwa huu ulistahili kuchunguzwa. Shamba la mjomba wangu lilikuwa mojawapo ya yale yaliyoisha.

Swali nililopewa lilikuwa dogo na wazi. Mgomba haukai peke yake. Shina mama huzungukwa na machipukizi yake, yote yakiwa yameshikamana chini ya ardhi. Shina moja likiugua, je, machipukizi yaliyosimama kando yake bila dalili yoyote yamekwisha kuambukizwa? Macho hayawezi kujibu. PCR inaweza, kwa sababu inatafuta kipande cha DNA cha bakteria huyo pekee na kukinakili. Kibomba hupashwa moto hadi nyuzijoto 95 hivi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, kisha hupozwa ili praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, zishike mahali pake, kisha hupashwa tena hadi nyuzijoto 72 ili kimeng'enya kijenge nakala. Kila mzunguko unaongeza nakala mara mbili. Anza na nakala moja, zungusha mara 30, na kwa hesabu ya darasani utapata zaidi ya bilioni moja. Nilipofundishwa jambo hili nilifurahia uwezo wa kuona kisichoonekana. Haikunijia akilini kwamba mtu anayetengeneza nakala bilioni moja za kitu anachokitafuta, ndani ya chumba kilekile anamokitafuta, amejichimbia shimo.

Mwaka 2012 nilipima machipukizi yasiyo na dalili kutoka mashamba ya Kabare, na karibu yote yaliwaka kwenye jeli, yaani nakala za DNA ya bakteria zilionekana humo kama mistari inayong'aa. Maana yake ilikuwa nzito: kwamba dalili zinapoonekana kwenye shina moja, familia nzima ya mgomba imekwisha kupotea na ni lazima ing'olewe yote. Tuliandika muhtasari, ukapelekwa kwenye mkutano wa kikanda, ukakubaliwa. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia nyumbani kwamba nitapanda ndege. Ndipo katika marudio ya mwisho, yale ya kupata picha nzuri ya makala, mstari mwembamba ukatokea chini ya kisima, yaani kitundu cha jeli, kilichotiwa shahidi hasi.

Ulikuwa hafifu kiasi kwamba mwenzangu aliyesimama kando yangu alisema ni kivuli. Mshirika wetu wa ng'ambo, aliyekuwa akitoa fedha za vitendanishi, aliniandikia kwa upole kwamba jambo hilo hutokea kila mahali na kwamba picha inaweza kukatwa kabla ya kufika kisima hicho. Ningependa kusema kwamba nilikataa kwa uadilifu. Ukweli ni kwamba nilikwisha kuikata ile picha na kuihifadhi kwenye kompyuta kwa jina jipya. Kilichonizuia ni kwamba nilirudia kipimo wiki iliyofuata, kwa matumaini ya kupata picha safi nisiyolazimika kuikata, na safari hii mstari wa shahidi hasi uling'aa kuliko ule wa mgomba mgonjwa. Kivuli gani hicho?

Tulitumia miezi mitatu kumtafuta mchawi. Tulibadilisha maji, mstari ukabaki. Tulinunua praima mpya kwa fedha tulizochangishana, mstari ukabaki. Kimeng'enya kipya kilikaa mpakani hadi barafu yake ikayeyuka, na kilipofika kikatupatia mstari uleule. Mwishowe jibu lilikuwa la aibu kwa wepesi wake. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza moja na seti moja ya pipeti, vifaa vya kunyonyea na kupimia matone. Asubuhi tulichanganya vitendanishi pale. Jioni tulifungua vibomba vilivyokwisha kuzungushwa palepale, ili kuvipeleka kwenye jeli. Kibomba kinapofunguliwa hutoa ukungu usioonekana, na ndani ya ukungu huo mna nakala zisizohesabika za kipande tunachokitafuta, ambazo hutua juu ya meza, kwenye mikono ya koti, na ndani ya pipeti. Kesho yake tunachanganya upya, na nakala za jana zinaingia kwenye vibomba vya leo. Hatukuwa tukiisoma migomba ya Kabare. Tulikuwa tukisoma matokeo yetu wenyewe ya juzi, na kadiri tulivyorudia ndivyo yalivyozidi kutukubalia.

Dawa yake haikuhitaji ufadhili. Ng'ambo ya ua kulikuwa na chumba cha kuwekea mafagio. Tulimwomba papa wa usafi atuachie, tukapaka kuta rangi, tukasugua kila kitu kwa javeli, yaani maji ya klorini, tukaweka humo pipeti ambazo hazitatoka kamwe na koti ambalo halitavukishwa ua. Humo ndimo tunamochanganya. Chumba cha jeli kiko upande wa pili, na sheria ni kwamba mwendo ni wa upande mmoja: aliyeingia chumba cha jeli harudi chumba cha mafagio siku hiyo, hata kama amesahau kalamu. Nimewafukuza wanafunzi wazuri mchana kutwa kwa kosa hilo, na mmoja alinilalamikia kwa mkuu wa kitivo.

Muhtasari tuliuondoa. Mkutano ulipita bila mimi, ufadhili ulikwisha bila kurefushwa, na uzamivu wangu ulisogea mbele kwa karibu miaka miwili. Nilipopima upya machipukizi yaleyale, kwa majani yaliyokuwa yamebaki kwenye friza, yaliyowaka yalikuwa machache tu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo nililiona zuri kuliko la kwanza kwa kuwa lilifanana na unyofu. Niliamini kila kibomba kilichonyamaza. Sasa, mama yeyote wa Kabare au Walungu atakuambia kwamba utomvu wa mgomba ukigusa nguo hautoki. Unaacha doa la kahawia ambalo sabuni hailiwezi. Vitu vilivyomo ndani ya utomvu huo, ambavyo wanakemia huviita polifenoli, pamoja na sukari ndefu za mmea, huambatana na DNA wakati wa kuitoa kwenye jani, na vikifika kwenye kibomba hukidhoofisha kimeng'enya hadi kishindwe kunakili chochote. Kwa hiyo kibomba kinaweza kunyamaza kwa sababu bakteria hayumo, na kinaweza kunyamaza kwa sababu kimezibwa mdomo. Nilikuwa nimeishi na doa hilo kwenye nguo zangu tangu utotoni, na ilinichukua zaidi ya mwaka kulihusisha na jeli zangu.

Njia ya kutofautisha kimya na kimya ni kumwita shahidi wa tatu, wa ndani, juu ya shahidi hasi na shahidi chanya, yaani kibomba cha mgomba unaojulikana kuwa mgonjwa. Katika kila sampuli tulianza kutafuta pia jeni ya mgomba wenyewe, ambayo lazima iwepo. Jeni ya mgomba ikiwaka na ya bakteria isiwake, basi naweza kusema bakteria hakuonekana. Zote mbili zikinyamaza, sina la kusema, na sampuli inarudi mwanzo: tunaisafisha upya, tunaongeza PVP, unga unaokamata polifenoli, tunaichovya mara nyingine, tunaipunguza nguvu kwa maji. Tulipofanya hivyo, baadhi ya machipukizi niliyokuwa nimeyatangaza mazima yaligeuka wagonjwa. Hata hivyo mengi yalibaki mazima kwa haki, mbele ya mashahidi wote watatu.

Nimekaa sana juu ya mambo haya kwa sababu bila hayo kinachofuata hakina uzito. Ushauri wa kwanza uliotolewa kwa wakulima katika ukanda mzima ulikuwa kung'oa mgomba pamoja na machipukizi yake yote. Ni ushauri uliotolewa na watu ambao hawakuwahi kung'oa mgomba kwa jembe. Wakulima waliukataa, si kwa ujinga bali kwa hesabu, maana mtu hawezi kuwaondolea watoto wake chakula cha mwaka kwa sababu shina moja limenyauka. Watafiti wa nchi kadhaa za Maziwa Makuu, pamoja na wa Kivu, walionyesha kidogo kidogo kwamba bakteria haishuki kila mara hadi kwenye machipukizi yote, na kwamba mkulima akikata mara kwa mara lile shina tu lenye dalili, kwenye usawa wa ardhi, akalivunja ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, na akaosha panga lake kwa javeli au kulipitisha motoni, ugonjwa hupungua shambani na migomba mingine huendelea kuzaa. Sisi wa Bukavu tulikuwa na sehemu ndogo katika kazi hiyo, na sehemu yetu ilikuwa hasa kusema: chipukizi hili halina kitu.

Nakumbuka siku nilipolisema kwa mdomo wangu. Tulikuwa kwenye kilima kimoja cha Kabare, na mzee mwenye shamba alikuwa ameshika panga huku akiangalia chipukizi la kimo cha mtoto wa shule.

«Mama Docta,» aliniuliza, «huyu mtoto ni mzima ao ni mgonjwa?»

«Papa, huyo mwache. Mkate mama yake tu.»

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko mhakiki yeyote wa jarida. Kama kibomba changu kilikuwa kimezibwa mdomo na utomvu, nilikuwa nimeacha moto ndani ya nyumba yake. Sijawahi kuhisi maana ya tokeo hasi kama nilivyoihisi pale, na tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniletea jeli yenye visima vitupu akasema «hakuna kitu, mama», humuuliza kwanza ni nani aliyeshuhudia kwamba hakuna.

Sasa niseme kuhusu kile ambacho vyuo hukiita athari ya kitaaluma. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo ambacho siku hizi hufuatana na mtafiti kama namba ya simu: mtu ana h ya 10 ikiwa makala zake 10 zimenukuliwa angalau mara 10 kila moja. Ya kwangu ni ndogo, na nimeacha kuitazama. Makala yangu inayonukuliwa kuliko zote ni ile ambayo jina langu liko katikati ya orodha ndefu ya waandishi, na mchango wangu ulikuwa kupanda vilima na kukata majani; nilisoma rasimu yake siku moja kabla haijapelekwa. Makala kuhusu utomvu na vibomba vilivyozibwa, tuliyoiandika watu wanne bila mtu wa nje na kuichapisha katika jarida dogo, imenukuliwa mara chache mno, na baadhi ya mara hizo ni mimi mwenyewe niliyejinukuu. Lakini ni kwa ajili ya hiyo ndipo mafundi wa maabara hunipigia simu, kutoka Butembo hadi Kalemie, wakisema: mama, shahidi wangu wa ndani amenyamaza, nifanyeje?

Sitaki kuikejeli hesabu ya nukuu, kwa kuwa imenilisha. Nilipanda kutoka asistanti hadi profesa kwa kuhesabiwa makala, na bila ile makala ya majina mengi huenda ningekuwa bado ninasubiri. Ninachopinga ni namna mpangilio wa majina unavyoamua nani amefanya nini. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikwenda Yambuku mwaka 1976, akachukua damu ya wagonjwa bila glavu, na sampuli zilizotoka huko ndizo zilizowezesha virusi vya Ebola kutambuliwa. Ilichukua miongo kadhaa kabla ulimwengu kuanza kulitaja jina lake kwa nafasi yake. Baadaye damu ya mtu aliyepona mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995 ndiyo iliyotoa kingamwili ambayo leo ni dawa, ansuvimab, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2020. Kati ya Kikwit na idhini hiyo ni miaka 25. Tume ya kupandisha vyeo ya chuo chochote ninachokijua ingekuwa imekwisha kumuuliza profesa huyo mara tano makala zake za miaka mitatu iliyopita ziko wapi.

Katika somo langu la kwanza la kila mwaka huwa ninawasimulia wanafunzi kuhusu mgomba, lakini tangu 2024 ninao mfano ambao hawasinzii nao. Mwishoni mwa 2023 mpox ilianza kuenea Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika wilaya ya Mwenga, jimboni mwetu. Mimi sikuwa na sehemu katika kazi hiyo. Waliochunguza jenomu za virusi hivyo walikuta tawi jipya, lililopewa jina la kladi Ib, na walikuta pia kwamba kipande kimoja cha DNA kilikuwa kimepotea. Kwa bahati mbaya kilikuwa ndicho kipande kilekile ambacho kipimo kimoja cha PCR, kilichotengenezwa kuitambua kladi I, kilikuwa kikikitafuta. Kipimo hicho kilinyamaza mbele ya ugonjwa uliojaa wodini. Kama mtu angeamini ukimya huo peke yake, angewaambia watu wa Kamituga kwamba hawaumwi wanachoumwa. Kilichookoa hali ni kuwapo kwa vipimo vingine vinavyolenga sehemu nyingine za virusi, na madaktari walioamini ngozi za wagonjwa kuliko karatasi. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Wanafunzi wangu walikuwa na ndugu huko, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza kama mambo ya mashahidi yatatoka kwenye mtihani.

Februari 2025 vita vilifika Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa, benki zikafunga milango, na umeme ukawa wa kubahatisha. Mafuta ya jenereta yalipoisha sikuwa na la kufanya. Friza yetu ilikuwa na majani na DNA ya zaidi ya muongo mmoja, na iliyeyuka polepole kwa siku kadhaa huku mlinzi akinitumia ujumbe wa kuniarifu kipimajoto kinasema nini, hadi nilipomwomba aache. Nilipoweza kurudi, chumba kilinuka kama shimo la kuivishia ndizi.

Kilichosalia kilikuwa ndani ya bahasha za kaki kwenye kabati la mbao. Mwaka 2018, kwa kuchoshwa na mgao wa umeme, nilikuwa nimeanza kubonyeza tone la kila sampuli kwenye karatasi maalumu zilizotiwa kemikali, ambazo huvunja seli, huua bakteria, na kuifunga DNA katika nyuzi zake. Zikikauka vizuri hukaa miaka bila baridi yoyote. Wenzangu waliita jambo hilo ushamba, na mmoja aliniuliza kama nitaanza pia kutunza DNA kwenye chungu. Rejista zilikuwapo pia, zile za kuandikwa kwa mkono, zenye kilima, tarehe, na herufi tatu za matokeo ya kila shahidi.

Mwezi Aprili mwanafunzi wangu mmoja na mimi tulikata vijiduara kutoka kwenye karatasi kumi za mwaka 2018, tukavichanganya katika chumba cha mafagio, tukavizungusha kwa umeme wa paneli za sola za jirani. Kwenye jeli jeni ya mgomba iliwaka katika sampuli tisa. Ya kumi ilinyamaza kabisa, kwa hiyo hatukuiandika kitu. Bakteria aliwaka palepale rejista iliposema aliwaka, na kisima cha mwisho, cha shahidi hasi, kilikuwa cheusi tupu.

Mwanafunzi alitaka tuchanganye karatasi nyingine kumi jioni ileile, kwa kuwa umeme ulikuwa bado upo na hakuna aliyejua kama kesho utakuwapo. Nilimkatalia. Tulikuwa tumekwisha kuingia chumba cha jeli.